Mtoto kala muhogo mchungu: la kufanya kabla hujafika hospitali

Nilikuwa nimeshashusha chandarua mlango ulipogongwa. Alikuwa jirani yangu, kambeba mwanawe wa miaka sita, kichwa kimelala begani kama kanga iliyolowa.

"Bi Nesi, samahani kwa usiku huu. Huyu katapika mara tatu, na sasa nikimwita haitiki sawasawa."

"Kala nini?"

"Wali na mchuzi wa dagaa, kama sisi sote. Na sisi wazima."

Nyuma yake alisimama kaka mtu, miaka tisa, anavutavuta ncha ya fulana. Nikamtazama vidole: vyeusi kwa masizi. "Njoo baba," nikamwambia, "hapa hapigwi mtu. Leo mlichoma nini?" Akainamisha kichwa. "Muhogo. Wa mpakani."

Basi nikajua. Muhogo wa mpakani kila mtu mzima wa mtaa wetu anaujua. Mwenye shamba kaupanda pembezoni makusudi, mchungu kama shubiri, ili kima na wezi waonje wakome. Watoto hakuna aliyewaambia.

Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Pemba mpaka nikastaafu, na usiku kama ule si wa kwanza wala wa pili. Ninachokiandika hapa ni yale ambayo ningependa kila nyumba iyajue kabla mlango haujagongwa. Sehemu kubwa ni juu ya muhogo, kwa sababu ndio tunaokula kila siku na ndio unaoua haraka. Mimea mingine nitaipitia baadaye.

Kwanza uijue sumu yenyewe

Muhogo haubebi sianidi iliyo tayari. Ndani yake mna kitu kinachoitwa linamarini, na kando yake mna kimeng'enya cha kukivunja. Mmea umevitenga, kila kimoja na chumba chake. Ukitafuna, ukikuna au ukitwanga, kuta zinavunjika, vinakutana, na sianidi inatoka. Linamarini iliyobaki nzima nayo huvunjwa na bakteria wa tumboni, ndiyo maana mtu anaweza kula magharibi akawa mzima, akaanza kuzidiwa usiku.

Ikishaingia kwenye damu, sianidi huzuia seli za mwili zisiitumie oksijeni. Pumzi inaingia, damu imejaa oksijeni, lakini ubongo na moyo haviipati faida yake. Ni kama mtu aliyewekewa sinia la pilau mbele na mdomo umeshonwa.

Kiasi kinachoweza kuua ni kama miligramu 0.5 hadi 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Muhogo mtamu kwa kawaida huwa chini ya miligramu 50 katika kilo moja ya muhogo mbichi. Mchungu hupanda hadi mamia. Sasa piga hesabu: mtoto wa kilo 15 akila kipande cha gramu 200 cha muhogo wenye miligramu 300 kwa kilo, kajiingizia uwezekano wa miligramu 60. Hata isipofunguka yote tumboni, kwa mwili ule ni nyingi mno. Baba yake akila kipande hicho hicho huenda akaumwa kichwa tu akalala. Kwa hiyo neno "mbona sisi tumekula na wazima" lisikutulize.

Hatua ya kwanza: uliza, na uulize kwa upole

Mtoto aliyeiba muhogo hatasema kaiba muhogo. Ukiuliza kwa ukali, utaambiwa hajala kitu, na dakika zitakupita. Waulize wenzake aliocheza nao, tena mmoja mmoja. Tazama vidole, meno, mifuko ya suruali. Nenda pale walipochezea ukaangalie majivu na maganda.

Unatafuta majibu ya mambo manne: kala nini, kiasi gani, saa ngapi, na nani mwingine kala. Hilo la mwisho husahaulika sana. Usiku ule kaka mtu naye alikuwa kala, kidogo tu, na alikuwa anaficha kizunguzungu asije akachapwa. Wote wawili walipanda gari.

Dalili za muhogo huanza kwa kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika na tumbo kukata. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa za harakaharaka. Mtoto analegea, anapumbaa, anataka kulala tu. Ikizidi, degedege, kisha kuzimia, kisha pumzi kukatika. Si lazima ziende kwa mpangilio huo, na safari ya kutoka "tumbo linaniuma" mpaka kuzimia yaweza kuwa fupi sana. Vitabu husema ngozi huwa na wekundu na pumzi hunuka lozi chungu. Sisi ngozi zetu nyeusi, wekundu huo hauonekani kirahisi, na harufu ile kuna watu wengi waliozaliwa pua zao haziisikii kabisa. Usizisubiri.

Hatua ya pili: pumzi kabla ya kitu chochote

Kama ana fahamu, mkalishe au mlaze anavyoona nafuu, mahali penye upepo. Mpe maji asukutue, atemee nje, na mtoe mabaki ya chakula mdomoni.

Kama kalegea au kazimia lakini anapumua, mlaze ubavu wa kushoto, goti la juu limekunjwa, mdomo umeelekea chini kidogo. Matapishi yakija yatoke nje, yasirudi kwenye mapafu. Usimlaze chali hata kama kitanda chenu ni kizuri.

Akipata degedege, ondoa vitu vigumu karibu yake, mlaze ubavu, muache litulie. Usimbane, usimtie kijiko mdomoni. Tazama saa limeanza lini.

Kama hapumui, mlaze chali kwenye sakafu ngumu na umkandamize kifua katikati, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikididimia kiasi cha theluthi ya unene wake. Kwa mtoto mdogo kiganja kimoja kinatosha. Mwenye mafunzo ya kupulizia pumzi mdomoni atoe pumzi mbili kila baada ya mikandamizo 30, lakini aifute kwanza midomo ya mgonjwa vizuri, maana matapishi yale nayo yana sumu. Asiye na mafunzo akandamize tu bila kusimama, mwengine aite gari.

Hatua ya tatu: usimpe kitu

Hapa ndipo nyumba nzima inapogombana. Bibi anataka maziwa, shangazi kashaangua dafu, mwengine anatwanga makaa. Wote wanamtakia kheri. Lakini hakuna kimoja kati ya hivyo kinachoizuia sianidi, na kila kimoja kinaweza kumpalia mtu ambaye koo lake limeanza kulegea. Makaa ya jikoni si ile dawa ya mkaa ya hospitali, ambayo imetengenezwa maalumu na hutolewa na mtu anayejua lini inafaa na lini haifai.

Usimtie kidole kooni atapike. Anayetapika mwenyewe muache atapike, umuinamishe tu. Anayelazimishwa akiwa nusu usingizi hupaliwa, na hapo unakuwa na maradhi mawili badala ya moja.

Kuhusu kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, na dua: mimi mwenyewe ni Muislamu na dua naisoma. Isomwe garini, mnaenda. Kombe linywewe akishazinduka.

Hatua ya nne: beba ulichokikuta

Chukua mfuko, utie kipande cha muhogo kilichobaki, maganda, jani la mti wake kama uko karibu, na kidogo cha matapishi kwenye kopo lenye kifuniko. Kama ni mbegu au tunda la porini, beba na tawi lake. Piga picha kwa simu pia, lakini picha isichukue nafasi ya kitu chenyewe. Ikihitajika, hospitali itajua namna ya kupeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwa nini nahimiza hivi? Machi 2005, katika mji wa Mabini, kisiwa cha Bohol kule Ufilipino, watoto 27 wa shule walikufa baada ya kula vitafunio vya muhogo. Kila mtu akasema muhogo. Vipimo vikaonesha dawa ya wadudu. Dawa ya wadudu na sianidi vina matibabu tofauti kabisa, na daktari hawezi kuvitenganisha kwa kukisia kama umemletea maneno matupu. Kama nyumbani kuna dawa ya kupulizia karafuu au mboga, au sumu ya panya, liseme hilo hata kama hukuulizwa.

Saa uliyoigundua shida iandike kwa maneno: "saa tatu usiku". Ukiandika 3 peke yake, mwengine ataisoma saa tisa.

Hatua ya tano: safari

Usisubiri kuona kama atapata nafuu. Aliyekula muhogo mchungu na ana dalili yoyote, hata kichwa tu, anakwenda. Asiye na dalili lakini una hakika kala kingi, naye anakwenda, akaangaliwe usiku ule.

Swali ni unakwenda wapi. Unachokitafuta kwanza ni mtungi wa oksijeni na mtu wa kuutumia. Kituo cha afya cha karibu kikiwa nacho, anza hapo wakati gari la wagonjwa linakuja. Kikiwa hakina, usipoteze saa nzima kwenye benchi lake. Nenda moja kwa moja Wete, Chake Chake, Micheweni au Abdalla Mzee kule Mkoani, kwa kadiri ulivyo karibu. Kwa aliye Unguja mjini ni Mnazi Mmoja. Piga simu mbele: "Tunakuja na mtoto wa kilo kadhaa, kala muhogo mchungu, anapoteza fahamu." Nambari ya hospitali yenu na ya mwenye gari mtaani iandikeni ukutani leo, kwa makaa kama hamna kalamu.

Mkitoka visiwani, Kojani au Fundo au Kisiwa Panza, mgonjwa alazwe ubavu chini katikati ya boti, kichwa kimeshikwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu: kuangalia pumzi. Asipewe kazi ya kukumba maji.

Kwenye pikipiki ya bodaboda, mtoto asiye na fahamu asibebwe mgongoni wala kubanwa katikati akiwa kichwa kimening'inia. Bora dakika kumi za kutafuta gari.

Hatua ya sita: ukifika, sema hivi

Usiku ule kituo cha kwanza tulichofika, kijana wa zamu alimbana mtoto kile kipimo cha kidoleni. Kikasoma 98. Akatuambia hewa anayo ya kutosha, tukae tusubiri. Sikumlaumu kwa kutojua, lakini benchi sikulikalia. Kipimo kile hupima oksijeni iliyomo kwenye damu, na kwa mwenye sianidi damu imejaa oksijeni isiyotumika. Namba inakuwa nzuri huku mtu anakufa. Nilimwambia maneno haya, na wewe uyaseme hivi hivi, kwa heshima: "Daktari, kala muhogo mchungu, tunahofia sianidi. Namba ya kidoleni isitudanganye. Tunaomba oksijeni sasa hivi."

Akatoa oksijeni. Mpaka gari linafika, mtoto alishaanza kumtambua mama yake.

Hospitalini watampa oksijeni nyingi, maji ya mshipa, sukari ikiwa imeshuka, na dawa ya degedege likitokea. Dawa zenyewe za kuipinga sianidi zipo: haidroksokobalamini na sodiamu thaiosalfeti. Ya kwanza ni aina ya vitamini B12, na kuna watu husikia hivyo wakakimbilia duka la dawa. Kipimo chake kwa mtu mzima ni gramu 5. Kichupa cha kawaida cha sindano ya B12 kina miligramu 1. Ungehitaji vichupa 5,000. Kwa hiyo hiyo si kazi ya duka la dawa. Akipewa hospitalini usishtuke ukiona mkojo na ngozi vimekuwa vyekundu. Ni rangi ya dawa, si damu. Na pale ambapo dawa hizo hazipo, oksijeni na uangalizi mzuri wa pumzi huwatoa wengi, mradi wamefika mapema.

Yule wa kwetu alilala hospitali siku mbili. Siku ya nne nilimkuta juu ya mpera wangu.

Kama si muhogo

Kanuni za pumzi, kutolazimisha kutapika na kubeba sampuli ni zile zile. Tofauti ni haraka ya kila kimoja na cha kuangalia.

Mbono, ule wa kwenye nyua na makaburini, kokwa yake ina ladha kama ya karanga, na watoto huila kwa vikombe. Ndani ya nusu saa hadi saa chache wanatapika na kuharisha, darasa zima mara nyengine. Wengi hupona ndani ya siku moja. Kinachowadhuru ni kuishiwa maji. Akishaacha kutapika sana, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kidogokidogo kwa kijiko. Kama pakiti haipo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Macho yakimzama, akikosa mkojo, au akiharisha damu, hospitali.

Mbarika, ule wa mafuta ya nyonyo, ni habari nyengine. Mbegu ikimezwa nzima huweza kupita salama kwa sababu ganda lake ni gumu. Ikitafunwa, inatoa risini, na sumu hiyo haina dawa ya kuipinga. Dalili zaweza kuchelewa nusu siku nzima. Aliyetafuna mbarika apelekwe hata kama anacheka. Turituri, zile shanga nyekundu zenye jicho jeusi, zina tabia hiyo hiyo, na iliyotobolewa kwa ajili ya kutungwa uzi ni hatari zaidi kuliko nzima, maana mlango wa ganda umeshafunguliwa.

Mranaha, ule wa maua marefu kama tarumbeta, ndio unaochanganya watu wetu. Mtu aliyekula mbegu zake, au majani yake yakachanganyika na mchicha, anakuwa na macho yenye mboni pana, mdomo mkavu, ngozi ya moto isiyo na jasho, haoni karibu, anaongea na watu wasiokuwepo, anakamata vitu hewani. Watasema kapandisha pepo. Ngoma itatafutwa. Kabla ya ngoma mtazame mboni na umguse kwapa: mboni pana na kwapa kavu la moto ni hospitali. Njiani mpoze kwa kitambaa cha maji, mweke penye giza na utulivu, na msimfunge kamba.

Ndiga, kile kiazi mwitu chenye majani matatumatatu, babu zetu walikila wakati wa njaa baada ya kukikata vipande vyembamba na kukiloweka siku kadhaa katika maji yanayobadilishwa. Aliyekila bila hayo anaweza kupata degedege. Mkimbize kama wa muhogo. Viazi vinavyoning'inia juu kwenye mtambaazi wa porini pia visiokotwe. Kimoja cha jamii hiyo kimepewa na wataalamu jina la visiwa vyetu, *Dioscorea sansibarensis*, na heshima hiyo haikiondolei sumu.

Maharage mekundu yasiyoiva hutapisha vibaya ndani ya saa moja hadi tatu, na punje nne au tano zinatosha. Yaloweke saa tano au zaidi, maji yamwagwe, yachemke kwelikweli nusu saa kabla hujapunguza moto. Kuyaweka tangu mwanzo kwenye jiko la mkaa linalozimika ndiko kunakozidisha sumu badala ya kuiua. Mbatata zilizokuwa kijani au zilizochipua tupa. Kukaanga hakusaidii, na urojo hauzifichi. Majimbi yasiyoiva yanachoma mdomo na koo kama sindano, na kweli ni sindano ndogo za fuwele: sukutua kwa maji baridi, na ukiona ulimi unavimba au sauti inabadilika, twende.

Halafu kungumanga. Najua linavyosifiwa kwa wanawake, na wageni wanavyohadithiwa kwenye mashamba ya viungo. Kukwaruza kidogo kwenye chai hakuna neno. Lakini kokwa moja nzima, gramu tano na zaidi, humfanya mtu saa tatu hadi sita baadaye moyo umdunde, mdomo umkauke, aone mambo na aogope kufa. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au zaidi kidogo, hata hivyo aangaliwe hospitalini, hasa mwenye mimba au maradhi ya moyo. Na birimbi la mchuzi halina ubaya, ila kunywa juisi yake kwa magilasi kama dawa ya kupunguza mafuta au sukari kumewahi kuwafelisha watu figo kule Kerala, India. Mwenye figo mbovu aliache kabisa.

Nakumbusha tu, nje ya mimea: nyama ya kasa na samaki bunju havina mapishi yanayoondoa sumu. Kisiwa Panza, Machi 2024, watu tisa walikufa kwa kasa, wanane kati yao watoto. Akila mmoja, shehia nzima iliyokula sahani ile iende hospitali, hata walio wazima.

Muhogo kabla ya chungu

Uchungu ni dalili nzuri lakini si hakimu. Muhogo ule ule uliokuwa mtamu masika unaweza kuzidi sumu kiangazi, mti ukikosa maji. Onja kipande kidogo kibichi, uteme. Ukiwa mchungu usichomwe, usichemshwe siku hiyo. Una njia yake.

Njia yake ni kumenya, kwa kuwa ganda lina sumu zaidi ya kiini, kisha kuuloweka siku tatu mpaka ulainike kwa kubonyeza, maji yamwagwe mbali na kuku, halafu ukaushwe juani. Kuukausha tu mzima mzima bila kuloweka kunabakisha nyingi. Kuuchoma ndiyo mbaya kuliko zote: moto unakiua kile kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini inabaki imelala ndani ikingoja tumbo lako.

Mtamu nao una adabu zake. Ukate vipande vidogo, uanze na maji baridi ili vile viwili vipate muda wa kukutana, chungu kiwe wazi, sianidi huruka na mvuke. Maji ya kwanza mwaga, ndipo utie tui. Kisamvu kitwangwe kwenye kinu mpaka kiwe laini kisha kichemshwe bila kifuniko; kukikatakata tu kwa kisu hakutoshi. Na kula muhogo kwa papa au dagaa si ladha peke yake: mwili hutumia salfa iliyomo kwenye protini kuigeuza sianidi kuwa kitu chepesi kinachotoka na mkojo. Mtoto anayeshinda kwa muhogo mtupu siku nyingi hana akiba hiyo.

Unga wa dukani ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu hujui ulilowekwa wapi. Septemba 2017, wilaya ya Kasese, Uganda, watu 98 waliumwa na wawili wakafa kwa unga wa muhogo; waliokuwa msibani walikula pamoja, kama sisi tunavyokula hitima. Kwa unga wa namna hiyo kuna njia moja rahisi iliyotafitiwa na Howard Bradbury wa Australia. Tia unga kwenye bakuli, weka alama ndani ulipofika. Ongeza maji huku unakoroga. Unga utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi inaruka yenyewe. Kisha usonge ugali wako siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa haulali.